Fundi wa Boti Anajibu: Geji ya dizeli imejificha wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Mbezi Beach. Mwaka jana nilinunua boti ya tanga ya faiba, futi 32, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Naitia nanga Kunduchi. Ina mashine ya dizeli, Yanmar ya silinda mbili, na tangi liko chini ya sakafu ya tezi, huku nyuma. Aliyeniuzia alisema linachukua lita 70. Kwenye dashibodi kuna swichi ya ufunguo, mita ya mizunguko, taa ya oili na taa ya chaji. Geji ya mafuta sioni. Nilimpigia simu kumuuliza, akaniambia yeye alikuwa anajaza tu kila akikumbuka. Mwezi wa saba, shule zikifungwa, nataka kwenda Unguja na wanangu wawili na kurudi. Je, geji ipo mahali nisipopajua au haikuwahi kufungwa? Kama haipo, naiwekaje? Na geji ya gari kutoka Kariakoo itafaa? — Mwalimu, Mbezi Beach

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umetaja mwezi wa saba na umetaja watoto wawili, kwa hiyo niruhusu nianze na safari kabla ya kushuka kwenye tangi.

Kutoka hapa Dar mpaka Unguja mjini hesabu maili 40 za baharini. Kwenda, mwezi wa saba, ni raha. Kusi inakusukuma, na mkondo nao unapanda kaskazini, kwa hiyo mashine utaiwasha kutokea Kunduchi na kuingilia bandari ya Malindi, Unguja, tu. Shughuli iko kwenye kurudi. Upepo huo huo unakupiga usoni, na mkondo huo huo unakurudisha ulikotoka. Wazee wa majahazi hawakubishana nao, waligeuza msimu ulipogeuka. Wewe una tarehe ya kufungua shule. Utapiga bisho, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, mpaka watoto wachoke, halafu utawasha mashine.

Sasa piga hesabu. Mashine kama yako, kwa mwendo wa taratibu kwenye shwari, hunywa kama lita 2 kwa saa. Ukienda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, maili 40 ni saa 8, yaani lita 16. Lakini ukisukumana na kusi na mkondo, noti 5 zile zitabaki 3 juu ya ardhi, na mashine itakuwa inabeba mzigo, inakunywa lita 3. Hapo ni saa 13 na zaidi, na dizeli inafika lita 40. Safari ni ile ile na boti ni ile ile, ila mafuta ni mara mbili na nusu. Ndiyo maana mtu hawezi kwenda Unguja kwa "nilijaza juzi".

Na nikuambie kilichonipata, kwa sababu kilinifundisha jambo ambalo mafundi wengi hawakwambii wanapokufungia geji. Julai 2006 nilikuwa nimepanda kama fundi kwenye boti ya tanga ya mteja wangu, tunarudi kutoka Unguja. Tulikuwa wanne, mmoja wao kijana wake wa miaka 12. Tanga la mbele lilichanika mapema tu baada ya kutoka, na tanga kubwa peke yake halikutosha kupiga bisho. Tukasema si neno, mashine ipo. Tangi lilikuwa la lita 80, na mshale wa geji ulikuwa katikati kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mwenye boti, "Tuna lita 40, tutafika." Tuliondoka saa nane mchana. Saa tatu usiku, mwanga wa Dar tunauona mbele, mashine ikakohoa mara mbili ikazima. Tangi lilikuwa kavu. Mkondo ukatuchukua kaskazini usiku kucha, mawimbi ya ubavuni, yule mtoto anatapika na kutetemeka ndani ya koti la baba yake. Alfajiri wavuvi wa Bagamoyo waliotoka na dau lenye mashine walitukuta wakatupa dumu la dizeli. Hawakutaka hela, walitaka tu kujua yule mtoto yuko salama.

Geji ile haikuwa mbovu. Niliifungua wiki ile ile nikaipima, ilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa langu: sikuangalia umbo la tangi. Boti za tanga zina tumbo linaloshuka kuelekea mkukuni, uti wa chini wa boti, na mtengenezaji hutengeneza tangi likae humo, pana juu, limechongoka chini. Floti, yaani kifaa cha tangini chenye boya kinachoendesha mshale wa geji, inapima kimo cha mafuta, haipimi lita. Kwenye tangi lenye umbo la kabari, mafuta yakifika nusu ya kimo, kilichobaki ni robo ya ujazo. Sisi tulikuwa na lita 20, na mimi niliahidi 40. Tangu siku hiyo sifungi geji ya mtu bila kulipima tangi kwanza, na wewe nitakuomba ufanye vivyo hivyo.

Haya, tuitafute. Fungua mfuniko wa sakafu ya tezi, shika tochi, uangalie mgongo wa tangi. Utakuta mpira mnene wa kujazia unaotoka juu sitahani. Utakuta mpira mwembamba wa kupumulia, unaoishia kwenye tundu dogo ubavuni mwa boti. Kuna bomba la kunyonya linalokwenda kwenye filta, na jingine linalorudisha dizeli ya ziada kutoka kwenye nozeli. Hivyo vinne kwa kawaida huwepo. Ukiona cha tano, kisahani cha duara chenye skrubu tano na waya mmoja au mbili juu yake, hiyo ndiyo floti yako, na maana yake boti iliwahi kuwa na geji na mtu akaing'oa, pengine alipobadilisha dashibodi. Kisahani kikiwa kitupu, bila waya, bado ni habari njema: tundu lipo tayari, na zile skrubu tano zimepangwa kwa kipimo ambacho floti nyingi za boti hukifuata. Ukizungusha kisahani utaona zinakubali kukaa namna moja tu, kwa hiyo weka alama kabla ya kufungua.

Angalia pia kama kuna kifuniko kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Boti nyingi za tanga za zamani zilitoka kiwandani bila geji, zikiwa na kijiti tu cha kuchovya. Mwenye boti akikipoteza, anayekuja baada yake hajui kiliwahi kuwepo.

Ukikuta waya, ufuate. Kwenye boti zilizofungwa kwa utaratibu wa Kimarekani, waya wa geji ya mafuta ni wa rangi ya waridi, wa zambarau ndio unaotoka kwenye ufunguo, na hasi, ambayo sisi mafundi tunaiita ethi, ni mweusi au wa njano. Nimewahi kuikuta geji nzima kabisa ndani ya kabati la ramani, mahali mwenyewe alikuwa anaweka miwani yake. Kwa hiyo angalia na huko ndani, karibu na swichi kubwa za umeme, kabla hujaamua kuwa haipo.

Ukiipata na mshale hauchezi, jaribio ni dogo. Washa ufunguo, chomoa waya wa waridi kwenye floti, uangalie mshale. Halafu uguse waya huo kwenye ethi, uangalie tena. Mshale ukienda kutoka mwisho mmoja mpaka mwisho wa pili, geji ni nzima na waya ni mzima. Aliyekufa ni floti tangini. Usipotikisika kabisa, angalia kwanza kama umeme unafika nyuma ya geji, halafu ethi, halafu viungo vya waya. Hewa yetu ya chumvi hula shaba taratibu, na waya unaweza kuwa mzuri kwa nje, ndani umegeuka unga wa kijani. Fanya jaribio hili kwenye dizeli tu. Msomaji mwenye tangi la petroli asiguse waya kwenye chuma juu ya tangi lake hata siku moja.

Sasa swali la Kariakoo. Mwalimu, naelewa kwa nini umeuliza, maana geji ya gari ni rahisi kupata na bei yake si ya kutisha. Tatizo ni kwamba geji na floti ni watu wa ndoa moja. Floti ni kikinza umeme kinachobadilika, na geji inasoma ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Floti za mtindo wa Marekani zina omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, na katikati ni kama 103. Za mtindo wa Ulaya zinakwenda kinyume, 10 tupu na 180 likijaa. Magari yana vipimo vyake vingine. Ukichanganya mke wa huyu na mume wa yule, utapata mshale unaopanda mafuta yanaposhuka, au unaoganda robo tu. Kwa hiyo nunua geji na floti pamoja, za kipimo kimoja, na kabla hujalipa omba mita ya umeme, shika floti mkononi, iinue na kuishusha, usome omu. Muuzaji mzuri hatakukatalia. Kama floti yako ya zamani bado iko tangini na ni nzima, ipime kwanza, halafu ununue geji inayolingana nayo.

Na usiweke floti ya gari kwenye boti. Mkono wake na kikinza chake havikutengenezwa kwa ajili ya kutikiswa na chumvi mwaka mzima. Tafuta floti ya boti ya stenlesi. Zipo za aina mbili: ya mkono, yenye boya linalopanda na kushuka kwa kuzunguka, na ya bomba, ambayo boya lake linateleza wima kwenye fimbo. Kama tangi lako lina umbo la kabari mimi napendelea ya bomba, kwa sababu ile ya mkono inahitaji nafasi ya kuzunguka na chini tangi ni jembamba. Pia matangi mengi yana kuta za ndani za kuzuia mafuta yasirukeruke, na mkono hujigonga humo. Pima kina cha tangi kwa ndani, kisha ununue bomba fupi kuliko kina hicho kwa sentimita 2 hivi.

Kama hakuna tundu, hapa ndipo ninapokuomba uvumilivu. Usitoboe tangi likiwa ndani ya boti kama kuna njia nyingine. Njia nyingine karibu kila mara ipo: mlango wa kusafishia. Tangi lililotengenezwa vizuri lina sahani kubwa juu iliyofungwa kwa skrubu. Ifungue, ipeleke kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, itobolewe juu ya meza, isafishwe, floti ifungwe pale pale, halafu uirudishe na gasketi mpya. Vumbi la chuma halitaingia kwenye dizeli yako. Ukitoboa tangi la alumini mahali lilipo, yale makombo hayanaswi na sumaku, yatazunguka humo mpaka yafike kwenye filta, na siku yatakapofika itakuwa siku ya mawimbi. Gasketi iwe ya mpira unaohimili mafuta. Silikoni ya kawaida ya madirisha huvimba na kulainika ikikaa na dizeli, nimeibandua mara nyingi kama ugali uliolala.

Ikiwezekana floti ikae katikati ya tangi, si pembeni. Boti yako ikienda bisho italalia demani, upande upepo unakoelekea, na mafuta yote yatakimbilia upande mmoja. Floti ya pembeni itakuambia tangi limejaa ukienda bisho hivi, na tupu ukigeuza. Hata ya katikati, isome boti ikiwa imesimama wima, umetia nanga. Tangi likiwa la plastiki, kumbuka kuvuta waya wa ethi kutoka kwenye sahani ya floti mpaka kwenye hasi ya betri, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme. Weka na fyuzi ndogo kwenye waya unaotoka kwenye ufunguo. Kazi ya waya hapa haina ugumu, fundi yeyote wa umeme wa magari anaijua, ilimradi umwambie afunge viungo kwa mpira wa kubana dhidi ya maji.

Sasa kijiti. Hiki usikikose hata ukifunga geji ya bei kubwa. Chukua fimbo nyembamba ya mbao isiyopakwa rangi, mstari wa dizeli unaonekana vizuri juu ya mbao kavu. Isipitie kwenye mpira wa kujazia, ule umepinda na utaidanganya. Ipite moja kwa moja kupitia tundu la juu ya tangi, mpaka iguse chini. Halafu siku ambayo tangi ni tupu, na utalazimika kulimaliza au kulinyonya, lijaze lita 5 kwa lita 5, na kila mara chovya fimbo uchonge alama kwa kisu. Dizeli tunaibeba kwa madumu kutoka vituo vya barabarani, kwa hiyo kazi hii ni rahisi kwetu. Ila usiamini maandishi ya "lita 20" kwenye dumu, maana ukilijaza hadi mdomoni huingia zaidi. Amini namba za pampu ya kituo.

Ukimaliza utaona mwenyewe ninachosema. Kama tangi lako ni kabari kamili yenye kina cha sentimita 40, alama ya lita 5 za kwanza itakuwa karibu sentimita 11 kutoka chini, na nafasi kati ya alama mbili za mwisho juu haitafika sentimita 2. Nakili alama hizo kwenye karatasi, pembeni andika mshale wa geji ulikuwa wapi kila mara, uibandike ndani ya mfuniko. Hapo geji yako itakuwa na maana.

Lita 10 za mwisho zifute kichwani mwako. Kwenye mawimbi dizeli inarukaruka, bomba la kunyonya linavuta upepo, na uchafu wote uliotulia chini unanyanyuka kwenda kwenye filta. Mashine ya dizeli ikishavuta upepo haiwaki tena kwa kuongeza mafuta tu. Lazima ulegeze skrubu ya juu ya filta, upampu kwa kidole mpaka mapovu yaishe, ufunge, uendelee na pampu ya nozeli. Jifunze kutoa upepo ukiwa Kunduchi mchana, na mwanao mkubwa akushikie tochi ili naye ajue.

Na nunua daftari. Kila ukiwasha andika saa, kila ukizima andika saa. Baada ya madumu matatu utajua mashine yako inakunywa kiasi gani kwa saa, na hiyo ni geji isiyo na waya. Kwa safari ya Julai ondoka na tangi lililojaa, beba madumu mawili ya lita 20 yaliyofungwa vizuri sitahani, na ukifika Unguja jaza tena kabla hujafikiria kurudi.

SWALI: Mzee wangu, nina boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Mbudya, mashine ya kupachika ya petroli, nguvu 40. Kijana wangu anataka kutoboa tangi ubavuni chini aweke mpira mweupe wa kuonea mafuta, kama aliouona kwenye jenereta. Nimruhusu? — Mama Boti, Kunduchi

JIBU: Usimruhusu, mama. Huo mpira jua na petroli vitaukausha uwe wa kahawia na upasuke, na kwa kuwa umeungwa chini, tangi zima litamwagika ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa kwenye ngama chini ya miguu ya wageni wako. Dizeli inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike moto, lakini petroli hushika hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri. Nunua tangi la plastiki la kubebeka lenye geji kwenye kifuniko chake, au lile linaloonyesha mafuta kwa nje, uchore mistari kwa kalamu nzito. Beba mawili. Mashine yako ukiifungulia yote inakunywa lita 15 au zaidi kwa saa, kwa hiyo tangi moja likifika nusu ukiwa bado unakwenda, geuza boti urudi. Na tangi lijazwe likiwa limeshushwa ufukweni, wageni wakiwa mbali, hakuna sigara.

SWALI: Fundi, geji yangu inaonyesha tangi limejaa siku zote, hata nikiwa nimeishiwa. Floti ni mpya. — Nahodha, Msasani

JIBU: Nahodha, chomoa waya kwenye floti. Kama geji ni ya omu 240 kwa 33 na mshale unashuka, basi floti imekwama juu au imepiga shoti kwa ndani. Kama mshale hautoki kwenye "jaa", waya umechubuka mahali unagusa ethi, na mara nyingi ni pale unapopita ukutani karibu na mashine. Kama geji ni ya omu 10 kwa 180, kinyume chake: "jaa" ya kudumu ni waya uliokatika au ethi ya floti iliyooza. Mimi ningeanza na ethi. Ikwangue kwa msasa mpaka ing'ae, ifunge, paka grisi, kisha ujaribu tena.